Nililosema kikundini limefika kwa mama mkwe

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 27, naishi Kibirizi, Kigoma mjini. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa, mimi naanika. Tunaishi ua mmoja na mama mkwe, yeye chumba cha mbele, sisi cha nyuma, jiko moja. Nakuandikia usiku. Baba watoto yuko ziwani, mtoto amelala, na sina mwingine wa kumwambia haya.

Mtoto wangu wa kwanza, wa kiume, alifariki mwaka 2022 akiwa na miezi mitatu. Ilikuwa mwezi wa pili, mvua zimekolea, na wiki ile hapa mtaani watoto wengine watatu waliharisha. Wangu alianza Jumamosi jioni. Jumapili homa ikapanda. Jumatatu alfajiri tukampeleka kituo cha afya, ilipofika saa tano hatukuwa naye tena. Mama mkwe ndiye aliyekuwa akimwogesha kila asubuhi, na akishamfuta humpa vijiko viwili vya maji ya uvuguvugu yenye dawa ya mchango. Sikumkataza. Kwetu Kasulu nasi tulilelewa hivyo hivyo.

Mwaka uliofuata jirani alinivuta kwenye kikundi cha akina mama. Tunakutana kila Alhamisi saa kumi, chini ya mwembe karibu na ofisi ya serikali ya mtaa. Tuko 22. Tunanunua hisa, tunakopeshana, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anatufundisha. Mara moja kwa mwezi anakuja nesi. Shangazi, kikundi hiki kimenijenga. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, mume wangu hana pa kwenda, mkopo wa kikundi ndio uliotulisha, na mama mkwe alikula chakula hicho. Nilipobeba mimba hii ya pili walinikumbusha kila hudhurio la kliniki, na usiku wa uchungu wawili wao walinipeleka. Mtoto ni wa kike, ana miezi minne, mzima wa afya, na hajaonja kitu zaidi ya ziwa langu. Mama mkwe alinung'unika mwanzoni, "mtoto koo litamkauka," lakini alikubali. Aliendelea kumwogesha tu.

Mwezi uliopita nesi alifundisha habari ya kunyonyesha maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita. Akasema hata maji hapana, hata tone. Akaeleza jinsi kikombe na kijiko vinavyobeba vijidudu, na tumbo la mtoto lilivyo changa. Nilihisi kitu kinapasuka kifuani. Nikasimama mbele ya watu wote nikasema, "Basi mwanangu aliuawa na maji ya mchango." Sikutaja jina la mtu. Lakini pale nani hamjui aliyekuwa akimwogesha mwanangu?

Jumatatu maneno yalikuwa yamefika mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Mwanamke mmoja alimwambia mama mkwe akiwa anapima dagaa, "Mkwe wako anasema ulimuua mjukuu wako." Hakuja kuniuliza. Alirudi, akatua beseni, akaingia ndani. Kesho yake nikapasha maji, nikampelekea mtoto kama siku zote. Akaweka mikono nyuma. Akasema, "Mwogeshe mwenyewe. Mikono yangu hii inaua."

Leo ni wiki ya tatu. Asubuhi namwamkia, anaitikia macho yakiwa ukutani. Mtoto akilia huwa namwona anainuka kwenye mkeka, halafu anakaa tena.

Mume wangu amesema niache kikundi, eti wamenifundisha kumtukana mama yake. Si mtu wa kupiga wala kupayuka, ila siku hizi ananipa mgongo. Wenzangu kikundini wanasema nisikubali kurudishwa nyuma na wazee. Mimi ni mmoja wa washika funguo watatu wa sanduku la pesa, na mzunguko hatuvunji mpaka Desemba. Aliyetoa maneno nje namhisi ni nani, nikimwona damu inanichemka.

Kuna jambo dogo jingine. Nilipokuwa mjamzito, mama mkwe alinituma nimtolee khanga kwenye sanduku lake. Chini kabisa nikakuta kile kikofia cha manjano cha mwanangu wa kwanza, kimekunjwa ndani ya leso. Nikakirudisha. Sikumwambia mtu.

Niache kikundi ili nyumba itulie? Na je, niombe msamaha kwa jambo ambalo nesi mwenyewe amelithibitisha? Kama ni kweli, kosa langu ni lipi?

Mama wa Kibirizi

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole. Nakupa pole ya haya ya sasa, na pole ya mwaka 2022, maana nikisoma barua yako naona hiyo ya msiba hukuimaliza kupewa.

Nimekuelewa hivi. Umepata mahali ambapo mwanamke anakaa na wenzake, anajifunza, anaweka akiba, na mahali hapo pamekusaidia kumlea huyu binti. Mahali hapohapo maumivu yako yalitoka yenyewe siku ambayo hukuyatarajia, na maneno yakatembea kwa miguu ya watu yakafika kwa mtu unayeishi naye jiko moja. Sasa mume anakutaka uchague, kikundi nacho kwa upande wake kinakutaka uchague, na wewe unaona kwamba ukiomba radhi utakuwa unaukana ukweli.

Tuanze na huo ukweli, taratibu, kwa sababu ndio uliobeba mzigo wote.

Umeandika kwamba nesi "amelithibitisha". Alichofundisha ni sahihi kabisa. Maziwa ya mama zaidi ya asilimia 80 ni maji, kwa hiyo mtoto anayenyonya vizuri hana kiu hata jua la Kigoma likiwaka vipi, na kumpa maji kabla ya miezi sita ni kumfungulia mlango wa kuharisha bila faida yoyote. Hapo simama, usiyumbe. Lakini nesi alikuwa anawafundisha mambo ya kumlinda mtoto aliye hai. Hakuwa akieleza mtoto wako alifariki kwa nini. Watoto wa miezi mitatu wanaharisha kwa njia nyingi: virusi vinavyopita nyumba kwa nyumba, mikono ya yeyote aliyembeba, nguo, nzi wa masika. Wewe mwenyewe umeniambia wiki ile mtaani waliharisha wengine watatu. Nao walikuwa wakinyweshwa na mama mkwe wako? Homa ile nayo ilikuwa ya nini, malaria, kifua? Hujui, nami sijui, na miaka imepita. Inawezekana yale maji yalichangia. Inawezekana pia hayakuhusika. Ninachoogopa ni kwamba umechukua somo la Alhamisi moja ukalifanya hukumu ya msiba, na hukumu hiyo haikumpata mama mkwe peke yake. Tazama sentensi yako: "Sikumkataza." Nadhani uliposimama chini ya mwembe ule ulikuwa unajihukumu na wewe.

Sasa nikueleze kitu ambacho vijana wengi hamjakisikia. Ushauri huu wa miezi sita mfululizo, kwa namna tunavyoufahamu leo, Shirika la Afya Duniani liliupitisha mwaka 2001. Kabla ya hapo walikuwa wakisema kati ya miezi minne na sita. Mama mkwe wako, nikikisia umri wake kwa umri wako, alilea wanawe kabla ya hapo. Mimi mwenyewe wangu wa kwanza, wa mwaka 1991, nilimwanzishia uji wa mtama akiwa na miezi minne, nikaona nimefanya vizuri, na kadi ya kliniki nilikuwa nayo mkononi. Hatukuwa wajinga. Tulifuata tulichofundishwa na waliotupenda. Wenzako wanaposema usirudishwe nyuma na wazee, wanasahau kwamba huyu mzee wenu alinung'unika siku chache kisha akakubali. Bibi aliyeacha desturi ya maisha yake yote kwa sababu mkwe wake amemwomba, akabaki na kuogesha tu, huyo anakurudisha nyuma wapi?

Nimeisoma mara nyingi ile kauli yake, "Mikono yangu hii inaua." Mtu anayeona amesingiziwa hukasirika, huita wazee, hudai ushahidi. Yeye hakukanusha. Aliweka mikono nyuma. Sina hakika, lakini nahofia kwamba ameamini. Nahofia huenda alikuwa amejiuliza hivyo peke yake tangu ile Jumatatu, na maneno ya mwaloni yakamfikia kama jibu. Nawe unaniambia kikofia kimo chini ya sanduku lake, ndani ya leso. Soma tena aya uliyoiita jambo dogo.

Tuje kwenye swali lako la kikundi.

Ukiacha, nyumba inaweza kutulia wiki mbili. Lakini yale maneno yatakuwa bado yamekaa jikoni, na wewe utakuwa umepoteza somo, akiba na watu waliokushika mkono usiku wa uchungu. Mtaani pia watasema umeacha kwa sababu ulisema uongo, au kwa sababu umefukuzwa, na watu hawakosi la tatu. Fikiria na siku ambayo mtoto ataugua saa saba za usiku mumeo akiwa ziwani: nani utamgongea? Kwa upande mwingine, ukiendelea kwenda kwa ubishi huku mumeo amekataa, au ukienda kwa kujificha, unampa sababu ya kuamini alichokisema. Iko njia ya katikati, ya kuomba kikundi mapumziko ya wiki mbili tatu kwa matatizo ya nyumbani, ufunguo ukimkabidhi mwenzako mbele ya wote kwa utaratibu wenu. Nayo ina hatari yake, kwani mapumziko huzoeleka. Lakini itamwonyesha mumeo kwamba umemsikia, bila kuuza kitu ambacho huwezi kukinunua tena.

Na kikundi chenyewe kina la kujibu. Sanduku lenu la pesa lina kufuli tatu, washika funguo watatu, na halifunguki hata mmoja asipokuwepo. Maneno ya mtu aliyefiwa mmeyafungia wapi? Mama anaposimama akalia kuhusu mtoto wake aliyekufa, jambo hilo lilipaswa kubaki chini ya mwembe. Mngeweza kumwomba mwenyekiti alete ajenda hiyo kama sheria ya wote, bila kumtaja mtu: yanayosemwa hapa yanabaki hapa, na anayevunja analipa faini kama anayechelewesha marejesho. Huyo unayemhisi, kumbuka unamhisi tu. Ukimkabili hadharani ukakosea, utakuwa umefanya kwake kilekile kilichofanywa kwa mama mkwe. Na hata ukipatia, wiki tatu za mama kuangalia ukuta hazitarudi.

Kuhusu msamaha. Unaniuliza kosa lako ni lipi kama ni kweli. Mwanangu, uchungu wako si kosa, na kusema umefiwa si kosa. Ila hata jambo lingekuwa la kweli tupu, yeye alilisikia mwaloni, mikono imejaa dagaa, kutoka kwa mtu ambaye hakuwa anamhurumia. Nadhani hapo ndipo penye jeraha, na hapo unaweza kuomba radhi bila kukana chochote. Sikwambii ufanye. Nakwambia inawezekana. Pia tenganisha mambo mawili kichwani mwako kabla hujaenda: kumwomba radhi hakukulazimishi kuruhusu maji. Wanawake wengi huogopa hilo, kwamba ukishapiga goti kwa moja utapiga kwa yote. Unaweza kupiga goti kwa maneno yaliyomfikia, na mtoto akaendelea na ziwa lako mpaka miezi sita kama ulivyopanga.

Kwenda peke yako au na mtu? Ukienda peke yako inaweza kuwa rahisi zaidi kwake kulia, lakini pia anaweza kukwambia neno zito usilolitegemea, na hutakuwa na wa kukushika. Ukienda na wifi yako mkubwa, au mama mwingine wa ukoo anayemheshimu, mazungumzo yatapata adabu ya kikao, ila huenda akajibu kwa adabu hiyohiyo na moyo ukabaki umefungwa. Unamjua wewe. Usichague saa ya kuanika, wala usipeleke somo la nesi. Watu wengine wangekushauri umwalike kikundini asikie mwenyewe, na viko vikundi vinavyotenga siku ya mabibi au siku ya akina baba, jambo ninalolipenda sana, kwa sababu mama hanyonyeshi peke yake, ananyonyesha katikati ya ukoo. Lakini kwa sasa? Kumkalisha kwenye duara la watu 21 waliosikia? Naona ni mapema mno. Labda baadaye, labda hata mwaka mwingine, na kama yeye atapenda.

Mumeo usimsahau. Katika barua yako yeye ni mtu wa kusema "acha kikundi" tu, lakini huyu naye alizika mtoto. Kuna aliyemuuliza? Wanaume wetu wa ziwani hupewa pole moja makaburini, na giza likiingia wanaambiwa taa ziko tayari, twende. Sasa anasikia mama yake na mke wake wanagombea kifo cha mwanawe. Kikundi labda ndicho kitu pekee anachoweza kukikataza, basi anakikataza. Usimweleze haya anaporudi alfajiri hajalala. Subiri mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imepumzika na yuko nyumbani usiku. Huna haja ya kuanza na kikundi. Unaweza kuanza na mtoto.

Jambo moja la mikono yako mwenyewe, nalitoa kama wazo. Ukirudi kuanika kwa siku nzima, itabidi mtu ashike mtoto. Maziwa unaweza kuyakamua kwenye kikombe kisafi ulichokichemsha, ukayafunika na kuyaweka kivulini, yakatumika ndani ya saa nne, na mtoto akanyweshwa kwa kikombe kidogo au kijiko badala ya chupa. Nimewahi kuona bibi mmoja Ujiji akifanya hivyo, amekaa kizingitini, mjukuu mapajani, kijiko kwa kijiko, maziwa ya mkwe wake. Aliyekuwa akihangaika kwamba koo la mtoto litakauka alipata la kufanya, na kijiko chake hakikunyang'anywa. Huenda mama mkwe wako akakataa, akasema tena habari ya mikono. Huenda asikatae. Hata hivyo muwe na makubaliano ninyi watatu, yeye akiwemo, juu ya siku ya hatari: mtoto akiharisha akawa halii machozi, macho yameingia ndani, utosi umebonyea, au amekataa kunyonya, hakuna kungoja alfajiri. Ananyonyeshwa njia nzima huku mnampeleka, na chumvichumvi za ORS na zinki atapewa huko kwa kipimo chake. Safari hii mwamuzi awe dalili, msiachiane lawama.

Kuhusu kikofia, sijui la kukushauri. Kuna siku unaweza kumwomba akitoe mkakitazama wote wawili. Kuna uwezekano pia kwamba ni siri yake, na kumwambia ulikiona kutamuumiza. Nimelifikiria tangu jana na sijapata upande. Lakini ningetamani ujue, unapopita mlango wake asubuhi na yeye ameangalia ukuta, kwamba nyuma yake kuna sanduku, na ndani ya sanduku kuna mwanao amekunjwa kwenye leso.

Niandikie tena, hata kama hakuna kilichobadilika. Na mbusu binti.